Mwenye gunia begani haongei

Jumapili, saa nane mchana. Joto la unyevunyevu, shati limenata mgongoni ingawa sijafanya kazi yoyote tangu niamke. Trésor, Mkongo ninayeishi naye chumba hiki hapa mtaa wa Point, amerudi kutoka kanisani, amevua viatu na bado anaimba. Mimi nimelala chali, simu kifuani. Ndani ya simu kuna picha ninayotakiwa kuitolea jibu leo.

Nimechoka. Nianze na hilo, maana ndilo la kweli kuliko yote.

Siku tano kwa wiki nabeba magunia ya mchele kwenye ghala moja kule Mobeni. Jumamosi, nikipata, nafanya vibarua kwenye nyumba za watu. Mwezi huu nimepata Morningside, kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Namwita Anti, kama wanavyoitwa kina mama hao hapa. Kazi yangu ni kushusha maboksi kutoka darini na kuyapanga sebuleni.

Kazi yake yote ya maisha imo humo. Anti ameandika tamthilia na kuchora katuni za gazeti tangu akiwa msichana. Mwanzoni alitia sahihi ya herufi moja tu, mhariri akadhani ni mwanamume. Siku alipojitokeza ofisini, yule bwana akamuuliza amekuja kumtafuta nani. Enzi za ubaguzi wa makaburu tamthilia zake zilichezwa kwenye kumbi za shule, polisi wamekaa safu ya mbele wanaandika kila neno. Anasimulia hayo huku anacheka. Wakwe zake hawakuja kutazama hata moja. Hapo hacheki.

Gazeti lilimwachisha kazi mwaka juzi kwa barua ya mistari mitatu. Sasa ukumbi mmoja wa mtaa unataka kutundika katuni zake zote za mbebaji, kuanzia Ijumaa. Huyo mbebaji ndiye aliyemfanya Anti ajulikane: mtu mwembamba, gunia begani, kila wiki anatoa neno moja la kuwachoma wakubwa. Hana jina. Anti alimchora akimfikiria babu yake, aliyeletwa kutoka India kukata miwa, akaishia kubeba mizigo sokoni.

Jana akaniuliza namwonaje. Mimi niliishia darasa la saba, sijazoea kuulizwa. Ningesema ni mzuri, yakaisha.

"Anti, huyu hajawahi kubeba kitu."

Nikamweleza. Gunia la kilo hamsini likikaa begani, shingo inakimbilia upande wa pili. Yeye amemnyoosha shingo kama mtu aliyekwenda studio kupigwa picha. Halafu, mwenye gunia begani haongei. Pumzi ya kuongea ataitoa wapi?

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kisha akasema, "Miaka yote hii, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeniambia."

"Labda wanaobeba hawanunui gazeti, Anti."

Alicheka mpaka akakohoa. Akatafuta penseli, akaniambia niweke boksi la vitabu begani nipite mbele yake. Nilipita mara saba. Mkono wake unatetemeka siku hizi, akawa anachana karatasi moja baada ya nyingine. Nikasema, "Eish, Anti, nimechoka," nikatua boksi, nikasimama.

"Hivyo hivyo," akasema. "Usisogee."

Hiyo ndiyo aliyoichora, na ndiyo aliyonitumia leo asubuhi. Boksi liko chini. Hakuna neno hata moja. Mtu amesimama mikono mitupu na bado amebeba: shingo imekwenda upande, bega moja liko juu, magoti hayajanyooka. Anataka kuitundika mwisho kabisa, baada ya zile nyingine zote. Ameandika kwamba bila ruhusa yangu hataitundika, na watu wa ukumbi wanataka jibu leo.

Trésor akachungulia simu. "Kaka, iko mzee gani huyu? Ni papa yako?"

"Ni mimi."

"Weye? Acha michezo." Akaitazama tena, akanitazama mimi. Akaacha kuimba.

Nina miaka thelathini na minane.

Sasa niseme nisilowahi kusema hata humu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, ambamo jina langu halipo. Kule Kigoma mke wangu anajua mimi ni karani wa ghala. Nilimwambia hivyo mwezi wa kwanza, nikidhani nitakuwa karani kweli kabla hajagundua. Huu ni mwaka wa sita. Picha za ukumbi zitaingia mitandaoni, na binti yetu haachi simu. Nikimkatalia Anti, hakuna atakayejua. Atawatundika wale wabebaji wanaoongea, watu watacheka, watakwenda zao.

Nikainuka, nikasimama mgongo ukutani, pale penye kalenda. Bega la kushoto likagusa ukuta. La kulia halikugusa, hata niliposukuma.

Nikamtumia mke wangu ile picha. Chini yake nikaandika: "Huyu ni mimi. Mimi si karani. Nabeba."

Akasoma. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena. Trésor amekaa kitandani kwake, ananitazama kama mtu anayesubiri penalti ipigwe.

Likaja neno moja.

"Umekula?"

Nimemwandikia Anti: itundike, na uandike jina langu lote.

Mke wangu sijamjibu bado. Ngoja kwanza nikale, nisije nikamdanganya tena.