Chupa Nzima ya Dawa ya Kikohozi

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba jipu limeota kwenye makalio ya kaka yako, na tangu juzi nauza dawa nikiwa wima kama mlinzi wa benki. Shemeji yako kaamua likapasuliwe hospitalini kwenu, maana wewe ndiye daktari bingwa wa dawa za usingizi huko. Miaka ishirini na miwili niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, lakini mama nikimpa hata kidonge cha kichwa, anakupigia simu kwanza. Haya, nakuja Jumatano. Kifua kinanikereketa kidogo, si neno.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Hujambo? Kidonda kimefunga? Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Nimesimamishwa kazi. Siku ile ulitapika ukiwa usingizini, pumzi ikakatika, nikakupumulia kwa mfuko wa hewa dakika nne. Kamati ya hospitali inasema nilizidisha ketamini, ile dawa ya usingizi niliyokuchoma. Sikuzidisha. Fomu uliyosaini inasema hukuwa umetumia dawa yoyote. Ni kweli, kaka? Wanakaa tarehe tisa Aprili kuamua.

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi sasa nakaa kwenye kiti vizuri, ila aibu ndiyo hainikalishi. Nakala ya barua hii nimemkabidhi katibu wa kamati kwa mkono wangu.

Si kweli. Asubuhi ile nilimaliza chupa nzima ya dawa ya kikohozi, ile ile ninayowanyima wanaoitafuta ili walewe. Dawa iliyomo humo na ketamini yako ni jamii moja: zote humtenga mtu na mwili wake. Yako huja ghafla, yangu huja polepole na kukaa saa nyingi. Zikikutana, mtu hutapika asijue, na pumzi hulegea. Hayo nawaeleza wateja kila wiki.

Ulikuja na fomu, umevaa kofia ya kijani, muuguzi anakuita mkuu, shemeji yako anakutazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi yetu. Ukaniuliza, "Kaka, leo umekunywa dawa yoyote?"

Nikakujibu, "Unanifundisha dawa mimi?"

Ukacheka, ukaandika hakuna, nikasaini.

Sikusahau, mdogo wangu. Nilitaka tu liwepo jambo moja la dawa ninalolijua mimi, ambalo wewe hulijui.

Kaka yako