Ambrose Kipchumba: Maswali Mawili Tuliyobaki Nayo

Mwaka umekatika, Ambrose, tangu utoke kwenye ukumbi wa theluji kule Riyadh ukikohoa, ukamwambia kila aliyekuuliza kwamba uko sawa, na siku ya tatu ukatuacha. Wengine huandika kwenye tangazo kama hili kwamba mpendwa wao alilala usingizi wa amani. Sisi wa nyumbani tunakujua. Wewe ulikuwa unangoja kuulizwa tena.

Mkeo Metrine ndiye aliyetaka tuandike, na ndiye aliyeshindwa kushika kalamu. Alikuuliza mara moja tu. Mwaka mzima ameyabeba yale maswali mawili ambayo hakukuuliza. Anafua nayo, anapika nayo, analala nayo. Basi tunayaandika hapa tuone kama yatampungukia uzito, ingawa sisi wenyewe hatuamini.

Adabu ya kambi wewe unaijua. Tunaieleza kwa ajili ya wanaosoma. Marehemu Baba alikuwa mpasua mbao kiwandani Timboroa, na sote tulilelewa kwenye zile nyumba za wafanyakazi tulizoziita kambi, chumba kimoja na jiko. Kambini, mgeni akikuta watu wanakula na akaambiwa karibu, hujibu kwamba ameshiba, hata kama tumbo limeshikana na mgongo. Jibu hilo la kwanza ni la adabu. Akikaribishwa tena, anakataa tena, na hilo ni la huruma, kwa sababu hajui kama sufuria inatosha. Akiulizwa mara ya tatu ndipo anasema ukweli. Kwa hiyo mwenye nyumba asiyeuliza mara tatu ni mchoyo, na mgeni anayekubali mara ya kwanza watu hujiuliza alilelewa na nani.

Metrine alikuja kwetu kutoka Bungoma, na siku yake ya kwanza mama yetu Miriam alimuuliza kama atakunywa uji. Akasema, "Ndiyo, Mama, asante." Nyumba nzima ilimgeukia. Wewe ulicheka mpaka ukatoka nje ukajishika mbavu. Baadaye ulimfundisha taratibu, naye akajifunza vizuri kupita sisi tuliozaliwa nayo. Leo anasema heri angebaki mshamba wa Bungoma anayesema ndiyo.

Baridi ya Timboroa haina mzaha na mtu. Mvua ya mawe ikipiga, uwanja wa kambi ulibaki mweupe mpaka saa nne, na asubuhi za Julai nyasi ziliganda zikakatika chini ya miguu. Nyumbani tulikuwa na jiko moja la maranda, mkebe wa rangi ulioshindiliwa maranda ya bure kutoka kiwandani, ukafuka kutwa. Moto huohuo ulipika githeri, ukapasha maji ya kuoga, ukakausha soksi, na jioni tukauzunguka wote tukaota. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili. Sweta ikichakaa, Mama aliifumua akamfumia anayefuata. Nailoni za mkate zilioshwa zikaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo, maana ukivaa nailoni juu ya soksi, kiatu kinachovuja kinakuheshimu. Na Baba ndiye aliyekuonyesha kwamba gazeti kuukuu likikunjwa kifuani chini ya shati hushinda sweta mbili. Ukipita ulichakarisha kama mtu anayefungua zawadi. Tulikucheka sana kwa hilo, tusamehe.

Halafu ukaenda kutafuta Riyadh, na kazi uliyoipata ilitumaliza kwa kicheko. Mtu anatoka Timboroa, anavuka bahari, anafika jangwani, halafu anaajiriwa baridini! Ndani ya duka kubwa, mashine zinamwaga theluji, watoto wa mjini wanakuja kuteleza na kupiga picha. Wewe uliisukuma kwa koleo, ukawafunga watoto viatu, ukawainua walioanguka. Ulimpigia Mama simu ya video ukamwonyesha. Mama akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

"Hawa wanalipa ili wapigwe na baridi?" aliuliza. "Waambie waje kwangu. Nitawapa bure, na chai juu."

Ulikaa mtaa wa Al-Murabba, chumba kimoja na Wesley, kijana wa Nairobi aliyefanya kazi na wewe. Wesley ametusimulia mengi. Kwamba uliosha nailoni za mkate ukazianika dirishani, hata jirani mmoja akauliza kama mnaziuza. Kwamba ulichemsha majani ya chai mara mbili, na alipokuambia, "Buda, tupa hiyo kitu, majani ni bei rahisi huku," ulimjibu bila kugeuka, "Haijaisha. Bado ina rangi." Kwamba hukuingia chumba cha mtu, hata mlango ukiwa wazi, bila kubisha. Kwamba wale Wabangla wanaofagia ngazi uliwaita kwa majina yao, na hukugusa sahani yako mpaka yeye Wesley akae. Anasema mwanzoni alidhani unamwogopa.

Ulipotia sahihi mkataba mpya, kampuni ilikupa koti jipya. Zito, la buluu, lenye kofia ya manyoya. Wewe ulilirudisha kwenye nailoni yake, ukaandika "Mama" kwenye kikaratasi, ukalisukuma chini ya kitanda. Kazini uliendelea na lile la zamani, zipu imekufa, na ndani ukajikunjia magazeti ya Kiarabu.

Metrine, ambaye naye alikuwa Jeddah akifanya kazi za ndani, alikugombeza kwa simu. "Baba Carol, vaa koti jipya. Mama atapata lingine."

"Hilo ni la Mama."

"Na wewe je?"

"Hili langu halijaisha."

Alikuwa anakujua, akaacha. Yeye alikuwa mtaa wa Aziziya kulekule Jeddah, katika nyumba ya madam mmoja mwenye watoto wanne, na mlionana mara moja kwa mwaka likizo zikigongana. Maisha yenu mengine yote yalikuwa ndani ya simu.

Sasa tunafika siku ile, na Metrine ametuambia tusiiruke.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Madam alikuwa na wageni wanaingia, birika la gahawa, ile kahawa ya kwao, liko motoni, sinia ya tende mezani. Metrine alijificha nyuma ya mlango wa stoo akakupigia, kwa sababu ulikuwa umemtumia ujumbe wa sauti na katikati ya maneno ulikohoa kikohozi asichokijua.

"Baba Carol, uko sawa?"

"Niko sawa. Kikohozi tu. Huku kazini baridi na nje baridi, mwezi huu hata jangwa limenuna."

Alisikia pumzi yako. Anaapa kwamba aliisikia. Ilikuwa fupi, na baada yake ulinyamaza kidogo, ule unyamavu wa mtu wa kambi aliyeshajibu mara ya kwanza na anampa mwenzake nafasi. Metrine alifungua mdomo akuulize tena. Sauti ya madam ikapiga kutoka sebuleni, "Metrine! Yalla, gahawa!"

"Haya, kunywa kitu cha moto," alikuambia, akakata.

Alijisemea ataendelea jioni. Jioni kukawa na vyombo, halafu mtoto mdogo wa madam akapata homa. Ijumaa alikuandikia unywe dawa, ukamjibu kwa picha ya kidole gumba. Sisi wa nyumbani pia tulikuuliza Ijumaa hiyohiyo, ukatuandikia "niko poa", tukaridhika, tukaendelea kupanda viazi. Msimamizi wako alikuuliza "Tamam?" yaani uko sawa, ukasema tamam. Wesley akakwambia twende hospitali, ukasema wacha, nitaamka sawa. Sote tulikuuliza, Ambrose, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mara mbili.

Jumamosi mchana Wesley alitoka zamu akakukuta huwezi kujibu hata mara ya kwanza. Kufika hospitali, nimonia ilikuwa imekula mapafu yote mawili, na kabla ya alasiri ulikuwa umekwenda. Wesley ndiye aliyempigia Metrine.

"Shemeji, tulipomvua lile koti tulitoa magazeti kifuani. Yameloa jasho." Alikuwa analia kama mtoto. "Si aliniambia yuko sawa? Mimi ningejua aje, shemeji?"

Kadi ya bima ilikuwa ndani ya pochi yako. Daktari angekuona bure. Hilo Metrine hulirudia peke yake akipiga pasi: bure, Baba Carol, bure kabisa. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na wapo waliotuambia methali hiyo matangani. Metrine, aliyeyafuata matanga kwa simu kutoka Jeddah, alikata. Wewe hukuficha. Ulijibu kama ulivyofundishwa, ukatungoja.

Na bado kuna lingine. Asubuhi ya Jumapili madam alimjia Metrine jikoni. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Macho yake yalikuwa mekundu. "Metrine, unataka kwenda kwenu ukamzike?" Metrine alikuwa ameshika kitambaa cha meza. Mwili wote ulitaka kupiga kelele kwamba ndiyo. Ulimi, ambao wewe na Mama Miriam mliufundisha kwa miaka kumi na miwili, ukasema, "La, madam. Mafi mushkila, hakuna shida. Niko sawa."

Akasimama na kitambaa chake, akingoja swali la pili.

Madam akamgusa bega, akakuombea rehema kwa Mungu, akasema, "Halas, basi, pumzika leo." Akaondoka. Metrine alingoja siku nzima, akangoja na siku iliyofuata. Mwili wako ulipotua Eldoret, alikuwa bado anangoja. Ulizikwa akikutazama kwa simu, amekaa juu ya kapu la nguo chafu, na mtandao ukakatika wakati wa kushusha jeneza.

Kinachomchoma ni kwamba adabu hiyo madam anaijua. Wageni wakija Aziziya, Metrine ndiye hubeba sinia, na kila mara humsikia madam akiwaapia kwa Mungu waongeze kipande, waongeze kingine, wasimvunje moyo. Anawauliza hata mara kumi. Ni kwamba pale, mgeni hubembelezwa na mfanyakazi huulizwa mara moja. Na yeye Metrine alikuuliza mara moja kama madam anavyomuuliza yeye. Hilo hajisamehi, na sisi tumechoka kumwambia ajisamehe.

Julai alipata likizo akaja Timboroa. Alikupandia maua, akakaa kaburini mpaka mtoto wenu Carol akamfuata. Jioni alifungua lile sanduku Wesley alilotuma, ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Juu kabisa kulikuwa na koti la buluu ndani ya nailoni, na kikaratasi chako.

Mama Miriam alikuwa karibu na jiko la maranda, amevaa sweta mbili na bado mabega yanatetemeka. Metrine alipiga magoti, akalishika koti kwa mikono miwili.

"Mama, alikuwekea. Vaa."

"Liweke tu, mwanangu. Mimi sina baridi."

Metrine akamkaribisha tena kama inavyotakiwa. "Mama, tafadhali. Vaa."

"Mpe Laban. Yeye ndiye huamka kukamua."

Laban, nduguyo, alikuwa mlangoni na ndoo, akaangalia chini. Metrine alijua sasa inafuata ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliiogopa. Lakini alikuwa ameapa kwamba hatamwacha tena mtu wake kabla ya swali la tatu.

"Mama, nakuuliza mara ya tatu. Hutavaa?"

Mama alilitazama koti. Akakipapasa kikaratasi kwa kidole, pale ulipoandika jina lake.

"Hapana," alisema. "Na hii ni ya tatu, Metrine, unajua ni ukweli. Sitaki koti. Namtaka mtoto wangu."

Koti limerudi kwenye nailoni, liko juu ya kabati, na baridi ya mwaka huu imekuja ikapita likiwa hapohapo. Agosti Metrine alirudi Jeddah kwa ajili ya karo za watoto. Madam alimpokea mlangoni, akamtazama usoni, akauliza, "Metrine, tamam?" Njia nzima kutoka uwanja wa ndege alikuwa amejiapiza kwamba safari hii atasema ukweli mara ya kwanza. Akajisikia akisema, "Tamam, madam." Akavua viatu akaingia jikoni.

Wanaokukumbuka ni mama yako Miriam, ambaye bado anaosha nailoni za mkate bila mtu wa kumpa, mkeo Metrine aliye Jeddah, watoto wako Carol na Allan, nduguyo Laban, na Wesley, ambaye siku hizi huchemsha majani mara mbili na hataki kuulizwa kwa nini.

Tukiulizwa kama tumeanza kukusahau, jibu letu la kwanza ni hapana, la pili ni hapana, na la tatu ni hapana.

Na Metrine ametuomba maswali yake mawili yawe ya mwisho. Baba Carol, uko sawa? Baba Carol, uko sawa kweli?