Kichaka Namba Kumi na Saba

Kotzebue, 2 Aprili 1997

Mpenzi mdogo wangu Nauyaq,

Salamu nyingi kutoka nyumba ya wazee. U hali gani, na goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi bado nahesabiwa miongoni mwa walio hai. Moyo umechoka. Daktari anasema sasa tuzungumze kwa wiki, si kwa miaka, na alisema kwa adabu sana hata nikamshukuru. Samaki wakavu na chupa ya mafuta ya sili vilifika na ndege ya Jumanne. Wauguzi wanalalamikia harufu, kisha wanakuja kuomba kipande.

Jirani yako Elwood aliniambia kwenye simu kwamba shule imekuomba uwafundishe watoto kuitambua mierebi, vichaka vile vya kando ya mto, nawe umekataa. "Mkaidi huyo mdogo wako," alisema. "Anasema yeye ndiye yule aliyechanganya miti mbele ya dunia nzima, wakamtafute mwingine." Nilikata simu nikakaa kitandani kutwa nzima. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalitia sukari.

Nauyaq, wewe hukuchanganya miti. Ni mimi.

Kumbuka mwaka 1949, Profesa Halvorsen aliposhuka kwenye ndege yenye miguu ya kuteleza thelujini akitafuta mtu wa kumkusanyia mierebi ya mto wetu. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, cha kwanza kijijini, na majina ya Kilatini nilikuwa nimeyakariri yote kutoka kwenye kitabu alichotutangulizia. Nilivaa gauni la Jumapili. Yeye akamwaga vijiti tisa mezani kwa mama, vitupu, bila jani hata moja, akaniuliza ni vya miti gani. Nilipata viwili.

Wewe ulikuwa sakafuni ukikwangua ngozi ya kulungu. Ulifuta mikono, ukachukua kijiti kimoja kimoja, ukakitafuna ncha, huku ukiendelea kumsimulia mama habari za mbwa wa jirani aliyeiba samaki. "Huu ni ule wa majani ya kula. Huu wa sufi. Huu nao ni wa sufi, ila umeota mchangani." Vyote tisa. Elwood akajipiga paja. "Mwalimu! Umefeli darasa la mama yako mzazi!" Watu walicheka, na profesa alicheka kuliko wote, kisha akaniambia nisijali, nina mwandiko mzuri, nitaandika lebo.

Usidhani ni siku ile tu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja walinipakia melini kwenda shule ya bweni, nikakaa miaka sita. Niliporudi nilikukuta wewe na mama vichakani, mnachuma majani na kucheka jambo fulani. Mliponiona mkanyamaza, kwa adabu, kama watu wanavyomnyamazia mgeni. Nilisimama pale na viatu vyangu vya shule. Tangu siku hiyo wivu ulipanga chumba kwangu na haujahama.

Kanuni ya profesa unaijua. Mierebi yetu mingi hutoa maua mapema, tawi likiwa tupu na theluji bado ipo. Majani huja baadaye. Kwa hiyo kila kichaka kilifungwa kibati chenye namba na kukatwa mara mbili, maua kwanza, majani mwezi Julai, ili vyote viwili vibandikwe kwenye karatasi moja. Kichaka namba kumi na saba kilikuwa kwenye kona ya mto, chini ya makaburi. Siku kumi baada ya wewe kukikata maua nilikwenda peke yangu, nikafungua kibati, nikakifunga kwenye kichaka jirani, kile cha majani ya kula. Kazi ya dakika mbili. Nilitaka tu profesa akuone umekosea mara moja, acheke.

Julai tulikwenda pamoja. Ulishika jani, ukaliachia. "Dada, hiki si kile."

Nikakuonyesha kibati. "Namba inasema ndicho."

"Mkono wangu unasema sicho."

Nikatumia sauti ya darasani. "Profesa haamini mikono, Nauyaq. Anaamini namba. Kata."

Ukakata.

Profesa alikuwa na kiu kubwa ya mti mpya, na alipoona maua ya huku na majani ya kule akaamini ameupata. Akautangaza, akaupa jina lako. Baada ya miaka miwili wenzake wakagundua ni miti miwili, wakamcheka, naye akaandika kwamba mkusanyaji wake, mwenyeji asiye na elimu, ndiye aliyechanganya. Kazi uliyoahidiwa chuo kikuu cha Fairbanks, kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa, ikafa hapo. Barua hiyo nilikusomea mimi, polepole, na ulipoanza kulia nilikukumbatia. Sikuwa nimeomba uchekwe na dunia. Lakini sitakudanganya tena: jioni ile nilikula vizuri.

Sikuombi kitu. Hapana, nalifuta hilo. Naomba unisamehe kabla sijafa.

Dada yako,
Beulah


Kijijini, 21 Aprili 1997

Dada,

Sikujulii hali leo. Hali yako nimeisoma kurasa nne.

Mwandiko wangu mbaya utauvumilia. Ni wewe uliyenifundisha herufi, na sasa najiuliza kama ulinifundisha zote.

Barua nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ni dawa zimempanda kichwani. Mara ya pili nilitoka nje nikapasua kuni zangu zote, halafu nikapasua za Elwood. Akachungulia mlangoni: "We mama, kuni zangu zimekukosea nini?" Nikamwambia arudi ndani kabla sijamaliza kuni.

Mara ya tatu ndipo nilipokaa chini. Unajua kinachoniuma? Si Fairbanks. Kule ningekufa kwa joto. Ni lile neno, kata. Mkono wangu ulijua, Dada. Ulijua na nikaunyamazisha kwa sababu wewe umesoma. Tangu hapo nikishika tawi mkono unatetemeka kama wa mwizi. Mama alipokuwa mgonjwa, wewe ukiwa shuleni kwako na kengele yako, aliniomba majani ya mwerebi kwenye mafuta, kama ya zamani. Nikaenda nikachuma. Nikayatazama, nikaogopa nitamlisha kitu kingine, nikayamwaga mtoni, nikamwambia mwaka huu hayakuota. Alikufa akiyataka. Hilo ulikuwa hulijui? Basi lijue, uwe nalo na wewe.

Halafu unaomba msamaha kwa posta, kama mtu anayeagiza soksi kwenye katalogi. Sina.

Nitakuambia ninachotaka. Tarehe saba Juni shule inafungua maktaba mpya, na juu ya mlango wameshaandika jina lako. Yaandike hayo yote tena, kwa mwandiko wako huo mzuri, yasomwe siku hiyo mbele ya kijiji. Baada ya hapo tutaongea habari za msamaha.

Mdogo wako,
Nauyaq


Kotzebue, 30 Aprili 1997

Mdogo wangu Nauyaq,

Natumaini umeamka salama. Mimi nimeamka, na hapa hiyo ni habari.

Habari ya mama sikuijua. Nimejaribu kuandika juu yake, nimechana karatasi tatu.

Lakini hilo unalolitaka, nakuomba ulifikirie upya. Nilifundisha pale miaka thelathini na sita. Sikuolewa, sikuzaa. Wewe una watoto sita, wajukuu sijui wangapi, na hata baada ya niliyokufanyia, watu wakitaka kujua mti wanakuja mlangoni kwako. Hakuna aliyewahi kuja kwangu kuniuliza mti. Mimi nina ule mlango na jina lililo juu yake. Niachie. Nitaandikia chuo kikuu kimyakimya, nieleze nilichofanya, warekebishe lebo, jina lako lisafike huko huko lilikochafuliwa. Haitoshi?

Nimeisoma tena aya hiyo na naona nimeanza upya. Nina miaka sabini na sita, nakufa, na bado nakuonea wivu.

Dada yako,
Beulah


Kijijini, 8 Mei 1997

Dada,

U hali gani? Goti halijambo. Barafu ya mto imeanza kupasuka, tunaisikia tukiwa ndani.

Haitoshi.

Mdogo wako


Kotzebue, 1 Juni 1997

Nauyaq mdogo wangu,

Salamu. Usishtuke kwa mwandiko, mkono haunisikii tena. Barua ya shule imenichukua siku sita, mistari michache kwa siku, na hii yako naiandika kwa nguvu zilizobaki.

Utajiuliza kwa nini nilinyamaza mwezi mzima. Nilikuwa nangoja nife kwanza. Huo ndio ukweli. Kila asubuhi nilifungua macho, nikaona dirisha, nikajisemea, bado, na nikaona aibu kama mtu aliyebaki kwenye karamu baada ya wenyeji kuanza kufagia.

Kisha mwalimu mkuu akaniandikia kuuliza ni maneno gani yawekwe chini ya jina langu pale mlangoni, maneno ya hekima kwa ajili ya watoto. Nilishika kalamu nikatafuta. Nimewaambia watoto wale maneno mengi kwa miaka mingi, na lililokuja lilikuwa lile moja nililokuambia wewe mtoni.

Bahasha ya pili ni yao. Sijaifunga makusudi. Isome kabla hujaipeleka, na ukiona nimepunguza kitu, kiongeze. Kibati nimekitaja. Mama nimemtaja. Chakula cha jioni ile nimekitaja pia, ingawa nilikifuta mara mbili.

Wakilishusha jina, waambie wasiharibu ubao. Ni mbao nzuri, na kule kwetu hazipatikani kirahisi.

Dada yako,
Beulah


Kijijini, 9 Juni 1997

Dada yangu,

U hali gani? Jibu kweli, si kwa adabu. Unakula? Huku wote wazima, mbu wameshaanza, na wanaume wanatengeneza nyavu.

Barua yako ilisomwa. Sikuongeza kitu.

Mwalimu mkuu alisimama mbele akaisoma yote. Mimi nilikaa kiti cha kwanza na gauni langu jipya. Nilijiambia, leo ndiyo leo, wataniangalia. Barua ikaisha. Dada, watu walilia. Walikulilia wewe! Mke wa mchungaji alisimama: "Ujasiri ulioje! Mwalimu hadi dakika ya mwisho!" Wakapiga makofi, wengine wamesimama. Nikasikia mtu nyuma anasema sasa ndiyo kabisa jina libaki pale. Na litabaki. Hakuna aliyegusa ubao.

Mimi je? Mama mmoja alinipapasa bega kama anayepita kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Miaka arobaini na minane, na siku yangu ilipofika ukaibeba wewe, ukiwa kitandani, maili zote hizo. Hata kuungama umeungama vizuri kuliko mimi ninavyoweza kusamehe. Nilikuonea wivu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema kumbe ndivyo ulivyo wivu. Ni kitu kibaya sana, Dada. Sijui uliishije nacho.

Nilikuwa nimeshachukua koti langu. Ndipo Elwood akapaza sauti kutoka kwenye meza ya keki: "Sawa, Mwalimu kakosa, tumesikia, tumelia. Lakini Nauyaq, hicho kichaka chenyewe kilikuwa mti gani?"

Nikamjibu. Akasema hajaelewa.

"Huwezi kuelewa umekaa," nikamwambia. "Inua makalio hayo twende."

Watu wakacheka. Nikatoka, na nilipogeuka walikuwa wananifuata wote, mke wa mchungaji pia na viatu vyake vya kisigino, hadi ukingoni mwa mto. Keki yenye jina lako waliiacha mezani. Nikawaonyesha ule wa majani ya kula, jinsi unavyong'ang'ania majani makavu ya mwaka jana hata mapya yakishatoka. Jani lake ni laini, linang'aa, ukingo hauna meno. Nikawapa wapapase ule mwingine, wenye shina la manyoya kama kidevu cha kijana na vijino vidogo pembeni mwa jani. Nikawaambia wafumbe macho. Nikawachanganyia makusudi, nikawasahihisha. Elwood alikosea mara nne, nikamwambia hata mbwa wake angepata mbili. Mkono wangu haukutetemeka. Nilitafuna, nikasema, na nilichosema kilikuwa sahihi, na hakuna aliyeuliza namba.

Kwa muda huo wote sikukufikiria hata mara moja. Niliporudi nyumbani hasira nikaikuta mlangoni imelala, ikaniinulia kichwa. Bado ipo. Sijakusamehe, nakuambia mapema usije ukajipanga.

Ijumaa napanda ndege ya posta kuja huko. Nimemwambia rubani anipe kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Kula. Meza dawa zao. Usithubutu kufa kabla sijafika. Nilisema saa nzima pale mtoni, Dada, kijiji kizima kimenikodolea macho, mwalimu mkuu anaandika kila neno, na wewe hukuwepo. Nitavuta kiti kando ya kitanda chako nikusimulie yote, polepole, bila kuruka kitu, na nataka nikuone kwa macho yangu unavyonionea wivu.

Mdogo wako,
Nauyaq