Herufi Kubwa za Baba, Herufi Ndogo za Babu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, mvua inanyesha.

Mpendwa Dada,

Anayekuandikia ni bingwa wa Kilatini wa ukoo mzima, walio hai na waliotangulia. Usicheke. Shule niliiacha nusu, lakini Kilatini chenyewe kimekataa kuniacha. Hujambo lakini? Shemeji naye? Kifua cha mtoto kimepoa? Sisi tunakula, tunalala. Mama anakula kidogo.

Barua yako ilifika. Unauliza kama Babu na Baba walipatana kabla Babu hajatutoka. Nitakujibu, ila ngoja kwanza nikueleze ugomvi wenyewe, maana huko mbali mtakuwa mmeambiwa ni shamba au urithi. Wapi! Ni herufi.

Si unajua walikuwa wanaandika pamoja kile kitabu cha Kilatini cha shule? Walipofika kwenye Zama za Kati, medium aevum kwa lugha ya wenyewe, neno kwa neno "umri wa kati", Baba akaanza maneno hayo mawili kwa herufi kubwa. Babu akazikata zote kwa kalamu nyekundu. "Zama si mtu," akasema, "nani alizibatiza?" Baba akajibu kwamba bila herufi kubwa mwanafunzi atadhani anasomeshwa habari za mtu wa makamo mwenye kitambi. Babu akakitazama kitambi cha Baba, akakitazama tena. Hapo ndipo maneno yalipokatika.

Mimi nikawapa dawa. Nikasema Warumi wa kale hawakuwa hata na hizo herufi ndogo, mawe yao yote walichonga kwa kubwa, basi kitabu kizima kiwe hivyo tupumzike. Kandambili ya Babu ikanipata begani. Uzee ule, na shabaha ile!

Wakanuniana. Vyumba viwili, ukuta mmoja, na mimi katikati nabeba karatasi. Babu akanipa jina, Balozi. "Balozi, kamwambie babako vitabu vyangu vyote vinaweka ndogo." Navuka. "Balozi, kamwambie mzee wako vyangu vinaweka kubwa." Narudi. Dada, sijawahi kuheshimiwa vile. Mtu ambaye hata chumvi hatumwi bila kukumbushwa mara tatu, wasomi wawili wanamsubiri afungue mdomo!

Mazishi ya Babu yalijaa. Wanafunzi wake wa zamani walisimama mpaka barabarani. Nilipanga viti, nikavirudisha, nikaosha vikombe. Watu wananiambia lia, utapata nafuu. Sipati pa kuanzia. Mwili wote ni kama mkono uliolaliwa.

Shangazi mshonaji anakusalimu, anasema gauni lako liko tayari, unene ukizidi shauri yako. Mama anakusalimu. Msalimie Shemeji, na wifi yako yule mwenye kicheko cha kuku anayetaga. Mungu awafunike, mtoto akue awashinde kimo.

Sasa lile uliloniuliza.

Walipatana, Dada, ila mmoja wao hajui. Siku ile tulipomaliza kula mchana, Babu aliniita. "Kamwambie babako aweke kubwa. Tena aje tunywe chai, nimechoka kuongea na ukuta." Nikasema sawa. Nikafika mlangoni kwa Baba, mkono uko juu nigonge, nikafikiri: hawa wakipatana, ubalozi wangu ndiyo basi. Acha niukalie ujumbe huu mpaka jioni. Nikaenda zangu kwa kinyozi kupiga soga. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa watu, na Babu amefunikwa shuka.

Tangu tumzike, Baba hatoki mezani. Anakipitia kitabu chote, kila medium aevum anairudisha ndogo, alivyotaka mzee. Anasema ndiyo heshima pekee iliyobaki. Mimi ndiye namshikia kurasa. Jana aliniuliza Babu alisema nini mara ya mwisho. Nikamwambia aliomba chai.

Mdogo wako akupendaye hivyo hivyo alivyo,

Balozi