Yule Aliyepiga Magoti Mzungukoni

Kibanda cha Viatu,
Mkabala na Posta.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Ni mimi, ule mzigo uliowahi kuubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, kama unavyopenda kuwasimulia watu huko. Hali yako? Magoti yanakutii, au bado yanataka kubembelezwa kila asubuhi? Na shemeji kifua kimempoa? Mwambie aache kujifanya kijana. Kikohozi hakidanganywi na ndevu zilizopakwa rangi.

Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenihama bila kuaga. Mwandiko usikushangaze. Herufi nilijifundisha mwenyewe kwenye maboksi ya viatu, na bado naandika vizuri kuliko daktari yeyote wa mji huu.

Sasa nikae sawa nikueleze. Mbele ya kibanda changu pana mzunguko wa magari, na katikati yake kuna sanamu ya shaba. Mzungu mrefu amesimama, kofia kichwani, buti mpaka magotini. Chini yake mtu mweusi amepiga magoti, gunia begani, miguu pekupeku. Mzungu jina lake limechongwa kwenye jiwe pamoja na vyeo vyake vyote, mpaka jiwe limekosa nafasi. Wa chini hana hata herufi moja. Watu wanamwita Mpagazi. Mimi namwita Baba.

Unajua nilikuwa mtoto wa mgongoni baba alipokufa. Hata kivuli chake sikikumbuki, na picha hatuna. Lakini marehemu mama alinieleza kwamba mchongaji mmoja wa Kizungu alimtoa baba kwenye kubeba magunia sokoni, akampigisha magoti juani siku nyingi, akamfinyanga. Wewe ndiye uliyefuatana na mama kumpelekea chakula. Baada ya msiba tukarudi kijijini, na mama hakukanyaga tena mjini, wala wewe, uliolewa kulekule ukaenda zako mbali. Mimi nilipokuja kutafuta maisha nikamkuta pale, amepiga magoti. Nikaweka kibanda mbele yake. Kila asubuhi namwamkia kabla sijagusa nyundo.

Sasa wakubwa wa mji wameamua Mzungu ashuke. Bendera ilishabadilika zamani, yeye bado anatutazama kutoka juu kama nyapara anayehesabu vichwa. Hapo sina neno. Ashuke hata leo, nitamsaidia kubeba kofia. Matata ni yule wa chini.

Waliitisha mkutano ukumbini. Nikavaa koti langu la harusi, ambalo bado linanikaa vizuri, usisikilize maneno ya watu. Akasimama mwalimu mmoja wa chekechea, binti mpole, viatu vyake nashona mimi. Akasema, "Kila asubuhi nawapitisha watoto pale. Wananiuliza kwa nini mtu mweusi ndiye amepiga magoti. Nimechoka kutunga majibu. Wayeyushwe wote wawili." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada, hata mikono yangu ilitaka kupiga, ikabidi niikalie.

Nikainuka nikawaambia huyo mnayetaka kumtia motoni ni baba yangu mzazi. Wakacheka mpaka wakapangusa machozi. Shida ni kwamba wamenisikia nikisimulia nilivyoshona kiatu cha waziri huku anatembea, na nilivyomkamata mwizi kwa harufu ya soksi. Zote ni za kweli, hasa ya soksi. Lakini mtu mwenye visa vizuri haaminiwi, wivu tu.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikavua kiatu, nikaweka mguu wa kushoto juu ya meza ya kamati. Unajua kidole changu cha mwisho kilivyompanda mwenzake. Yule wa shaba naye ni vilevile, mguu uleule. Mwenyekiti, mama mmoja mzito wa miwani, akasema taratibu, "Mzee Kisigino, teremsha mguu, tunakuheshimu." Kisha akanieleza kwamba miguu ya namna hiyo iko mingi, hata yeye anao. Sikuamini. Akavua kiatu. Kweli anao.

Ndipo akazungumza fundi sanamu waliyemwita, mwanamke wa hapahapa, kucha zimejaa udongo. Akasema njia ipo. Shaba ileile iyeyushwe, amfinyange yule mtu upya akiwa amesimama wima, bila gunia, pale chini usawa wa watu. Uso ubaki uleule, na jina lake liandikwe. Mwalimu akakubali. Akasema mtu aliyesimama na mwenye jina, yeye mwenyewe atawaleta watoto wamwamkie. Lakini jina lazima liwe la kweli. Fundi alisema, "Nikiandika jina ambalo si lake, nitakuwa nimempigisha magoti mara ya pili." Pasipo shahidi atayeyushwa basi, na pale watajenga bomba la kurusha maji juu, kana kwamba mvua haitutoshi.

Dada, aliyemwona baba kwa macho yake amebaki mmoja tu duniani, naye ni wewe. Nimempa mwenyekiti namba yako. Atakupigia Ijumaa ya wiki ijayo. Barua hii anaileta dereva wa lori, mteja wangu, kwa hiyo itamtangulia. Humu ndani nimeweka picha ya uso wa sanamu. Mpiga picha wa posta alipanda ngazi akaupiga kwa karibu. Ngazi niliishika mimi, ndiyo maana picha haikutikisika.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini ungesikia sauti yangu, ungenihurumia.

Maana kinachoninyima usingizi ni hiki. Mama hakuwahi kuiona sanamu ilipokwisha simamishwa. Alisema baba alifinyangwa akiwa amepiga magoti, hakusema aliwekwa wapi. Na waliopigishwa magoti enzi zile walikuwa wengi. Je, kama siye? Nitakuwa nimemwamkia mtu baki maisha yangu yote. Hilo nitalimeza. Lakini huenda mahali fulani kuna watu ambao huyu ndiye mzee wao, na mimi nimemkumbatia, nataka kumbandika jina la kwetu mbele ya mji mzima. Hilo kila nikilimeza linarudi kooni.

Basi itazame picha ukiwa peke yako, kwenye mwanga, wajukuu wakiwa shuleni. Usinipigie, usinitumie salamu za mafumbo. Akikuuliza mwenyekiti, mwambie ulichoona. Kama ni yeye, sema ni yeye. Kama siye, sema siye, usinionee huruma kwa sababu ulinibeba. Watanicheka mwezi mzima, halafu nitawapa kisa kingine kikubwa zaidi.

Ila jibu lolote utakalompa, mimi niandikie baba alikuwaje. Alichekaje. Alikuitaje akirudi kutoka sokoni. Nikifumba macho nimwone, dada, naona shaba tu.

Wifi yako anakusalimu sana. Anasema nimekonda, mimi nasema koti ndilo limenenepa. Nisalimie shemeji na ndevu zake, wale wajukuu pacha, na mpwa wangu mshonaji, mwambie mjomba bado anamzidi kwa sindano. Mungu akulindie macho yako, na akupe umri mwingine mrefu wa kunigombeza.

Ni mimi nikupendaye bila punguzo,
mdogo wako,
Kisigino.