Handaki la Mtini

27 Clover Lane,
Fairhollow,
New Jersey.
23 Mei 1955

Mpendwa Mama Mdogo Nunziata,

Shikamoo. Nakuandikia kucha zangu zikiwa bado na udongo, kwa hiyo nisamehe nikiichafua karatasi. Magoti yanaendeleaje? Na lile jicho la kushoto, daktari alisemaje? Baba Mdogo Ferruccio bado anakohoa asubuhi, au ameacha zile sigara zake za kusokota? Usinifiche kama ulivyonificha mwaka juzi. Sisi huku ni wazima. Ornella ametimiza miaka tisa, na meno ya mbele yameota makubwa kama ya baba yake.

Raimondo naye hajambo, ila tangu tununue televisheni sina hakika kama bado nina mume. Anakula akiitazama, anacheka nayo, anaigombeza. Juzi nilimwambia supu inaungua, akanijibu, "Ngoja tangazo lije." Nyumba zote za mtaa huu zimejengwa kwa ramani moja, basi ukipita jioni utaona madirishani wanaume arobaini kwenye viti arobaini, wote wameelekea upande mmoja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako ya Krismasi ilinitoa machozi. Sikujua kwamba mtini wa nyumbani, ule wa nyuma ya jiko lenu, askari waliukata kuni wakati wa vita. Miaka yote hii hukusema. Kumbe huu wangu, uliotokana na kijiti alichobeba Mama melini ndani ya soksi iliyolowa, ndio pekee uliobaki. Uliniomba kipandikizi. Nataka ujue yaliyotokea, maana nusura ukose hata jani.

Unajua baridi ya huku inaua mitini, ndiyo maana kila Novemba Mama alikuwa akiulaza huu. Unachimba mtaro mrefu, unakata mizizi ya upande mmoja, unausukuma mti polepole mpaka ulale, kisha unaufunika kwa mbao, turubai na udongo, ukiacha bomba la kupitisha hewa usije ukaoza. Aprili unaufukua. Kule Newark alifanya hivyo miaka thelathini na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kila jirani alikuwa na wake.

Tulihamia hapa Fairhollow mwaka jana mwanzoni mwa Novemba, miezi sita baada ya kumzika Mama. Mti ulikuja juu ya lori, umefungwa magunia na kamba kutoka shina hadi ncha. Uwanja wa nyuma hauna jua, kwa hiyo tukachimba mbele ya nyumba, tukaulaza siku hiyo hiyo.

Majirani wakaona nini? Shimo refu, mbao, turubai, kitu kirefu ndani ya magunia, na bomba limechomoza juu. Watu wa hapa hawana wanachokiogopa kama bomu la Warusi; shuleni Ornella hufundishwa kujificha chini ya dawati. Wiki haikuisha, Bi Lindquist wa nyumba ya mkabala akaja na jeli ya kijani yenye karoti ndani, akaketi jikoni kwangu, akashusha sauti.

"Linaingia watu wangapi?"

"Nini?"

"Handaki lenu."

Nikamwambia pale umelala mti. Akanikonyeza. "Naelewa, mpenzi. Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

Kuanzia siku hiyo tukawa watu wa maana. Keki zilikuja mpaka nikakosa pa kuziweka. Waliokuwa hawawezi kutamka jina letu la Petrillo walijifunza kwa wiki moja. Bwana Tennant, bosi wa Raimondo kule ofisi ya bima, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alianza kumwalika kucheza karata. Raimondo akaniomba nisiwasahihishe tena. "Umeshawaambia ni mti. Wasipoamini, kosa lako liko wapi?" Nami nikanyamaza. Hapo nilikosea, nakiri.

Aprili tukafukua. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na Bi Lindquist alikuja na mablanketi mawili ya kuweka ndani. Tukatoa udongo, tukatoa mbao, tukafungua magunia, tukauinua mtini, mwembamba, wa kijivu, umejaa matope.

"Hiki ni nini?" Bwana Tennant akauliza.

"Mti," nikasema. "Niliwaambia mti."

Bi Lindquist alirudi na mablanketi yake bila kuaga. Walijiona wamedanganywa, na mtu aliyejidanganya mwenyewe ana hasira mbaya sana. Baada ya wiki ikaja barua ya kamati. Masharti ya mtaa yanaruhusu nyasi na maua tu mbele ya nyumba. Tuuondoe mti kabla ya tarehe 21 Mei, la sivyo watamleta mtu wa kuukata.

Raimondo aliisoma mara mbili, kisha akaitazama televisheni ingawa ilikuwa imezimwa.

"Tuukate tu, Assunta. Bosi ni bosi. Na tini zipo dukani, kwenye makopo."

Mama Mdogo, sijawahi kumpiga mume wangu, na siku hiyo pia sikumpiga, lakini mwiko ulikuwa mkononi. Nikamwambia, "Mama alivuka bahari na mti huu. Wewe unashindwa kuvuka barabara ukamwambia Tennant hapana?"

Jumamosi iliyopita, tarehe 21, nilitoa kiti cha jikoni nikakaa chini ya mtini na bakuli la njegere za kumenya. Bwana Tennant akaja na mtu mwenye msumeno.

"Bi Petrillo, sogea tafadhali. Masharti ni masharti."

"Na mlipotaka kujificha kwangu, masharti yalikuwa likizo?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Ni shimo lile lile. Novemba nitalichimba tena. Anayeogopa bomu anakaribishwa kulala pembeni ya mti. Jeli asilete."

Mtu wa msumeno akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Nikaendelea kumenya njegere, ingawa niliogopa. Ndipo mlango ukafunguka. Raimondo alitoka kinyumenyume, akiwa na fulana ya ndani tu, amekumbatia televisheni, Ornella nyuma yake anakunjua waya mrefu wa umeme. Akaiweka juu ya stuli kando ya shina, akaiwasha, akaketi karibu yangu.

"Bosi," akasema, "unanizibia picha."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na siku hiyo nilimpenda upya kabisa. Ulikuwa mchezo wa besiboli, umepamba moto. Watoto wakaja kwanza, kisha baba zao, kila mmoja na kiti chake. Mtu wa msumeno akauliza nani anaongoza, akakalia sanduku lake la vifaa. Bwana Tennant alibaki peke yake kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, halafu akaenda nyumbani.

Kamati itapiga kura Alhamisi kuamua kama mti ubaki au ukatwe. Bi Lindquist, ambaye naye ni mjumbe, hasira zimemwisha na ameahidi kura yake, na ameleta jeli nyingine, nimeipokea. Leo Tennant hakumwitikia Raimondo salamu kazini. Raimondo anasema alikuwa na kazi kabla ya Tennant na atakuwa nayo baada yake.

Egidio wa marehemu mjomba anaondoka na meli tarehe 2 Juni. Atakuletea mkebe wa kahawa wenye kipandikizi kilichokwisha toa mizizi. Ukipande pale pale nyuma ya jiko, walipoukata ule. Kisilazwe, baridi yenu haina ukali huo.

Nisalimie Baba Mdogo na dada Ersilia, na uweke ua kaburini kwa Bibi. Mungu akuweke uone tini za kwanza, na ule nyingine kwa niaba ya Mama.

Kamati ikinishinda Alhamisi, usilie. Wakiukata huu, nitakuandikia unitumie kijiti ndani ya soksi iliyolowa, nami nitakiotesha pale pale mbele ya mlango wangu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Assunta