Nilimwambia Margaret ni Sala

Papa Kapteni,

Nakuandikia kwenye meza yako ya jikoni hapa Pinetown. Binti yako Margaret amekwenda kuchukua karatasi za ibada ya mazishi yako kwa mchapaji. Akirudi lazima nimwambie, na sijui nianzie wapi. Wewe uliyezoea kutoa amri, leo ungenipa moja ningeshukuru.

Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya mno. Bado nakuja kila asubuhi kwa taxi kutoka Sydenham, naosha vyombo viwili vitatu, nakung'uta kiti chako ambacho hakuna anayekikalia. Margaret aliniomba nibaki mpaka Jumamosi, watakapozika majivu. Walikuchoma, Papa, kama ulivyotaka mwenyewe. Nililia sana, maana kwetu Bukavu mtu anarudi udongoni na mwili wake wote.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kukuuguza? Ulinisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu, ukapaza sauti kutoka kitandani: "Lete maji hapa, haraka!" Nikashtuka. Mzungu wa miaka tisini na Kiswahili cha kambini. Nikakujibu, "Papa, maji iko, lakini haraka haiko." Ulicheka mpaka ukakohoa. Tangu hapo Kiingereza tuliwaachia wengine. Nilikufundisha kusema "naomba", nawe ukanisimulia habari za yule kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeshuka melini Mombasa na nyota moja begani, miaka ya gwaride na doria, ukapteni, bendera kuteremshwa, kisha Durban, kuuza rangi za nyumba kule Jacobs. Visa vya kuchekesha ulivimaliza. Vingine ulivikatisha ukageukia ukutani, nami nikadhani umechoka.

Siku tatu baada ya kifo chako Margaret alikuta daftari lako kwenye droo. Lote ni Kiingereza, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Aliniletea, macho yamevimba, akaniuliza baba yake ameandika nini. Nikasoma:

"Mimi nilisema choma. Nyumba kumi na moja. Askari hawakutaka, nikasema mara ya pili. Bibi mmoja alirudi ndani. Sikutuma mtu kumtoa. Mungu aliona. Sikuuliza jina lake."

Papa, kwetu mtoto aliyefiwa haambiwi jambo la kumwaibisha baba yake wakati wa kilio. Linawekwa mpaka matanga yavunjwe, ndipo wakubwa wanamwita pembeni. Ndivyo nilivyolelewa. Nikaona jina la Mungu limeandikwa pale, nikalishika hilo. Nikamwambia ni sala.

Alilia kwa furaha. Na mimi, mjinga, nikafurahi naye.

Sasa ukurasa huo umepigwa picha na kuchapwa nyuma ya karatasi za ibada. Mbele kuna vyeo vyako na medali zako, nyuma kuna mwandiko wako, na juu yake wameandika kwamba ni sala ya Kapteni. Nimeyajua hayo leo asubuhi. Na watakaoimba Jumamosi ni kwaya ya kanisa letu, Wakongo ishirini, niliowaalika mwenyewe kwa sababu Margaret alitaka wimbo wa Kiswahili. Kila mmoja atapewa karatasi. Watasoma, Papa. Nani atafungua mdomo aimbe baada ya hapo?

Nimekukasirikia. Uliandika kwa lugha ambayo humu ndani niliijua mimi peke yangu, ukaniachia. Nilikusimulia jinsi nyumba yetu ilivyochomwa nikiwa msichana, tukakimbia na sufuria moja. Ulinishika mkono. Nilidhani ni huruma. Labda ilikuwa huruma, sijui. Nilikulisha uji kwa miaka minne na nilikupenda, na upendo wenyewe haujaondoka, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Gari la Margaret limeingia.

Nimemwambia. Tulikaa hapa hapa mezani, boksi la karatasi katikati yetu, nikamfasiria neno kwa neno kwa Kiingereza changu hiki. Hakulia. Aliuliza kwa nini nilimwambia ni sala. Nikamweleza desturi yetu, sijui kama alinielewa. Kisha akaniuliza yule bibi aliitwa nani. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa mwisho. Akautazama mstari ule muda mrefu, ingawa hawezi kuusoma. Halafu akabeba boksi, akaingia chumbani kwako na kufunga mlango. Hakusema nirudi kesho, wala hakusema nisirudi.

Kwaheri, Papa, nisije nikakosa taxi. Kusema kwamba nimekusamehe siwezi. Hilo ni la yule bibi na watu wake, kama wapo. Jumamosi nitakuja, niitwe nisiitwe. Margaret akinipa ukurasa wako niusome mbele ya watu, nitausoma wote, kwa lugha zote mbili. Asiponipa, nitasimama kando ya shimo lako mpaka wafukie. Ila yeyote atakayeniuliza umeandika nini, sitamwambia tena kuwa ni sala.

Faida